Vijiuso Ndani ya Kola

Jumatatu, 6 Oktoba

Wiki nne zimebaki, kasoro siku tatu! Ijumaa ya tarehe 31 Shangazi ataniambia kama nabaki kwenye mashine ya kudarizi au narudi kwa kaka kulea mapacha. Mapacha nawapenda. Nawapenda zaidi wakiwa wamelala. Lakini chuo cha uhasibu kilinishinda, saluni niliunguza nywele za mteja (upande mmoja tu!), na duka la simu lilifungwa nikiwa na siku tisa kazini. Hii mashine ndiyo kitu cha kwanza duniani nikikigusa kinanitii. Nikifukuzwa na hapa sijui nitamwangalia nani usoni.

Kundi letu la kwenye simu tumelibatiza Wodi ya Sindano. Tuko wanne. Twiga wa ovaloki, mashine ya kuunga vipande, mrefu hadi anainama kuongea na cherehani. Makasi, mkata vitambaa, ambaye kila wiki anaomba kazi nyingine na kila wiki anakataliwa. Babu Pasi, mpiga pasi wetu, miaka sitini na moja, aliyejiombea mwenyewe kuingizwa. Na mimi, Kidole, kwa sababu wiki ya kwanza sindano ilinitoboa kidole kikabaki kimeshonewa kwenye beji ya mlinzi. Shangazi hayumo. Shangazi ni Bosi, tena kazini ni marufuku kumwita vingine.

Asubuhi kabla ya mashine kunguruma kila mtu anatuma uso mmoja. Maneno hayaruhusiwi. Unaoyeyuka tunauita Siagi: unatabasamu huku unakwisha. Fuvu ni Fuvu, halihitaji maelezo. Tabasamu lililopinduliwa kichwa chini ni Salama Tu. Mwenye pua nyekundu ya sarakasi ni Mimi Tena. Anayepiga saluti na chozi jichoni ni Ndiyo Mkuu. Aliyezama kwenye mawingu ni Niko Kazini.

Leo Makasi katuma Fuvu – barua ya kumi na moja ya “tunasikitika kukujulisha”. Twiga, Niko Kazini. Babu Pasi, Siagi, kwa sababu ya mvuke na goti. Mimi, Mimi Tena. Kama kawaida.

Ningesema kwa mdomo kwamba naogopa tarehe 31, Twiga angenionea huruma, na huruma ya Twiga inachosha. Nikituma pua nyekundu anacheka, ananikatia nusu ya mkate wake, kazi inaendelea. Sijui nani aligundua hizi nyuso. Apewe maua yake.

Jumanne, 7 Oktoba

Nimezichora zote sita kwenye kompyuta, nimeziweka kwenye fleshi yangu! Kila mmoja atapata uso wake ndani ya aproni.

Saizi nimechukua ile ile ya namba za Bosi, maana fremu ilikuwa tayari. Namba za Bosi ni dini. Mashati yanakwenda kwa mafungu, fungu moja mashati arobaini, na kila fungu lina namba yake ndani ya kola, ndogo kama ukucha, uzi wa rangi ile ile ya kitambaa. Kwenye daftari jeusi mbele ya namba unaandikwa nani kakata, nani kaunga, nani kaweka mifuko. Kifungo kikidondoka miaka miwili ijayo, Bosi anafungua daftari na kumtaja mtu kwa jina. Hiyo namba ndiyo sura yangu mjini, husema.

Nimejaribu Mimi Tena kwenye aproni yangu. Imetoka na meno! Twiga kapiga ukelele hadi Bosi kachungulia. Tukajifanya tumeona panya.

Alhamisi, 9 Oktoba

Mungu wangu. Mungu wangu. Nacheka lakini si kicheko.

Leo ilikuwa kola za wauguzi. Mafungu sita, mashati mia mbili na arobaini, sare mpya za hospitali nzima. Saa nne umeme ukakatika. Saa tano ukarudi. Mashine yetu ukiikatia umeme ghafla huwa inaamka na kitu cha mwisho ilichochomekwa. Na kitu cha mwisho kilikuwa fleshi yangu, ya aproni. Mimi nikabonyeza kitufe cha kijani, nikageuza shingo kumtazama Makasi anaigiza alivyohojiwa kazi. (“Unajiona wapi baada ya miaka mitano?” – “Hapa hapa kwenye kiti hiki, mzee, kama hamtanitoa.”)

Mikono inalisha kola, macho kwa Makasi. Uzi wa bluu juu ya kitambaa cha bluu, huoni kitu mpaka ukigeuzie dirishani. Mashine inashona arobaini, kama ilivyopangwa kwa namba za mafungu, inajihamisha kwenye mchoro unaofuata, inashona arobaini. Safi kabisa. Hakuna uzi uliokatika hata mmoja! Sijawahi kufanya kazi nzuri namna hii.

Twiga ndiye aliyegundua, akiunga fungu la mwisho. Alininyooshea kola kwenye mwanga. Uso uliozama mawinguni ulikuwa unanitazama.

Mia mbili na arobaini!

Ijumaa, 10 Oktoba

Tumejaribu kufumua kwenye kola mbovu. Dakika kumi na moja kwa uso mmoja, na kitambaa kinabaki na matundu kama chujio. Haiwezekani.

Makasi anasema nani ataangalia ndani ya kola yake mwenyewe? Twiga anasema wauguzi wanaangalia mpaka ndani ya masikio ya watu.

Babu Pasi hatukumwambia. Amepiga pasi zote, mia mbili na arobaini, moja moja, na pasi yake ikipita ule uzi unanyanyuka kabisa, hata kipofu ataupapasa. Alipomaliza akafuta miwani. Akasema haya mashati yanajua yanakokwenda.

Saa kumi Bosi akauliza kutoka ofisini: “Namba zimekaa?”

“Zimekaa, Bosi.”

Nimesema uongo. Kilichokaa ni kingine, ingawa kimekaa vizuri mno.

Jumatatu, 13 Oktoba

Gari limekuja, mashati yameondoka. Wodi nzima asubuhi imetuma Ndiyo Mkuu. Nimekunywa maji vikombe sita.

Jumapili, 19 Oktoba

Haya. Haya. Nakaa chini niandike kwa utaratibu.

Binamu yake Makasi ni muuguzi pale pale hospitalini. Leo kamtumia picha. Wauguzi saba mbele ya kabati la dawa, zamu ya asubuhi na ya jioni zinapishana, na wote saba wamegeuza kola nje! Siagi wawili, Fuvu mmoja, Salama Tu watatu, na mmoja wa pembeni, mama mtu mzima kabisa, ni Niko Kazini, naye amefumba macho kuigiza.

Wanajua maana zote! Hakuna aliyewafundisha. Binamu anasema kufuliwa mara moja tu kitambaa kimepauka kidogo, uzi haujapauka, nyuso zimejitokeza zenyewe. Sasa wakikabidhiana zamu mtu haulizwi amechokaje, anageuza kola tu. Na wameanza kubadilishana mashati. Kuna mmoja anatoa zamu zake mbili za Jumapili apewe Fuvu.

Nimecheka peke yangu kitandani mpaka jirani akagonga ukuta. Halafu kicheko kikaisha, nikakumbuka kwamba picha hutembea.

Jumatano, 22 Oktoba

Bado Bosi hajui! Leo kanisifu mbele ya watu kwa nembo ya shule. Akasema mkono wangu umetulia. Umetulia! Nilitamani ardhi ipasuke, na wakati huo huo nilitamani arudie.

Asubuhi Twiga kanitumia Salama Tu, nikamjibu Salama Tu, tukaangaliana toka mashine hadi mashine, tukashindwa kufanya kazi dakika kumi nzima.

Jumatatu, 27 Oktoba

Imepasuka.

Nilikuwa ofisini napeleka sampuli za nyuzi, simu ikalia, Bosi akaweka sauti ya nje kwa sababu mikono ilikuwa na chaki. Muuguzi mkuu. Sauti yake ni ya mtu aliyezoea korido ndefu. Mifuko inafumuka, akasema. Wauguzi kama kumi na tano hivi mpaka leo. Mikasi inaanguka, kalamu zinaanguka, kipima joto kimevunjika. Anataka kujua: sare zitafumuka zote mia mbili na arobaini, au baadhi?

Bosi hata hakubabaika. Ndiyo maana tunaweka namba, akamwambia. Chukua shati moja lililofumuka, geuza kola, nisomee.

Nilisikia kitambaa kikigeuzwa. Wallahi nilikisikia.

“Hapa hakuna namba,” muuguzi mkuu akasema. “Kuna mtu mwenye pua ya mpira.”

Bosi akasema atampigia. Akaweka simu chini taratibu. Akanitazama juu ya miwani.

Hakuniita Kidole. Aliniita jina langu kamili, ambalo ni jina la mama yake, na yeye jina hilo hulitaja msibani tu.

Nikasema yote. Fleshi, umeme, Makasi na kiti chake. Hata ule uongo wa saa kumi. Hakupaza sauti, afadhali angepaza. Akasema bila namba hajui fungu lipi ni bovu. Basi itabidi zirudi zote mia mbili na arobaini, zifunguliwe zote, na wauguzi wavae nini? Miaka ishirini mji huu haujawahi kumrudishia hata leso. Muuguzi mkuu anakuja Ijumaa.

“Na wewe nitakujibu Ijumaa hiyo hiyo,” akasema. “Kama tulivyopanga.”

Jumanne, 28 Oktoba

Sikutuma uso. Hakuna uso wa hii.

Kaka kapiga simu. Mapacha wameota meno, anauliza nakuja lini.

Jumatano, 29 Oktoba

NIMEPATA! Mwandiko unaruka, sijali!

Nilikuwa nafunga uzi kwenye bobini, nikawaza: mashine ilishona arobaini, ikahamia mchoro wa pili. Arobaini, mchoro wa tatu. Mafungu sita, nyuso sita! Kila fungu lina uso wake! Na mpangilio upo kwenye fleshi: Siagi wa kwanza, Fuvu la pili, Salama Tu wa tatu, Mimi Tena wa nne, Ndiyo Mkuu wa tano, Niko Kazini wa sita. Kwa hiyo nyuso zangu ni namba! Namba zenye meno, lakini namba!

Nikamrukia Makasi. Makasi kamwandikia binamu. Binamu kaandika kwenye kundi la wauguzi: aliyefumukiwa na mfuko ataje uso wake. Majibu yalimiminika wakati tunakula. Mimi Tena. Mimi Tena. Mimi Tena na uso wa kucheka hadi machozi. Mmoja kaandika alijua tu, maisha yake yote ni hivyo. Kumi na saba, wote Mimi Tena! Hakuna Siagi hata mmoja, hakuna Fuvu! Mashati arobaini tu, si mia mbili na arobaini!

Twiga alinibeba juu. Kweli, alinibeba, nikagonga taa.

Nikakimbilia daftari jeusi nione nani aliweka mifuko fungu la nne. Bosi alikuwa benki. Nikapitisha kidole. Fungu la nne. Kakata: Makasi. Kaunga: Twiga. Mifuko –

Nilisahau kabisa. Wiki ile mama wa mifuko alikuwa mgonjwa, mwanamke ambaye hata akipiga chafya mshono wake haupindi. Nafasi yake akakaa mtu mwingine siku moja, na siku yenyewe alikuwa anapokea simu huku anashona.

Mifuko: Bosi. Mwandiko wake mwenyewe, na mkia wa herufi ya mwisho.

Nikalifunga daftari. Nikalifungua tena. Halijabadilika.

Makasi anasema hiyo ni karata ya dhahabu, nisubiri Ijumaa niitupe mezani mbele ya mgeni. Twiga anasema tuseme ni uzi mbovu. Babu Pasi alipiga pasi aproni moja mara tatu.

Mimi sitaki kumshinda Shangazi. Nataka kubaki. Nimeshangaa kuona kwamba hivyo ni vitu viwili.

Alhamisi, 30 Oktoba

Niliingia asubuhi kabla hajamaliza chai. Nikaweka daftari mbele yake, limefunguliwa. Nikamweleza nyuso na mafungu, majibu ya wauguzi, kumi na saba kwa kumi na saba. Nikasema ni arobaini tu, Bosi, fungu la nne. Nikaishia hapo. Nikaanza kutazama dari. Dari lina doa.

Akavaa miwani. Nikasikia ukucha wake unateremka kwenye karatasi, kakata, kaunga, ukasimama. Ukakaa hapo muda mrefu. Nilihesabu mpaka thelathini.

“Na huyu wa fungu la nne,” akasema, “nyinyi mnamwitaje?”

Nikasema polepole. “Mimi Tena, Bosi.”

Akakohoa. Nilidhani chai imempalia. Kikohozi kikaendelea, mabega yakaanza kutikisika, miwani ikamwanguka ikabaki inaning'inia kwenye mnyororo wake, na Bosi wangu, shangazi yangu, mwanamke ambaye hajacheka kazini tangu walete umeme, akaweka kichwa juu ya daftari akacheka mpaka akafuta macho kwa kitambaa cha sampuli. Mimi nikacheka pia, ningefanyaje? Nje mashine zote zilinyamaza. Walikuwa wamebandika masikio mlangoni.

Akanyooka ghafla. Akasema nisidhani yamekwisha. Kupata kwa bahati si kufanya kazi. Kwamba namba hazichezewi. Kwamba Ijumaa iko pale pale, kwangu na kwake.

Nilipofika mlangoni akaniita.

“Hilo kundi lenu.”

“Ndiyo, Bosi.”

“Nitieni humo.”

Jumla ya wagonjwa wa Wodi ya Sindano: watano. Babu Pasi kamkaribisha kwa saluti. Bosi amesoma tu. Amesoma ujumbe wote wa zamani, nina hakika, maana saa tisa alipita nyuma ya Makasi akamuuliza ile kazi ya kumi na mbili vipi.

Ijumaa, 31 Oktoba, saa tano

Naandika juu ya goti, nyuma ya rafu ya nyuzi. Muuguzi mkuu yumo ofisini. Amekuja na mfuko wa mashati yaliyofumuka, mkubwa kama godoro. Hakutusalimia kwa ubaya wala kwa uzuri. Sisi wanne tumejipanga hapa kama nguo zinazosubiri pasi. Ukuta wa ofisi ni mbao nyembamba, unasikia hata kalamu ikifunguliwa.

Kwanza alisema yeye tu. Mkasi ulioanguka, mguu wa mgonjwa, nusura. Moyo wangu ulikuwa kwenye kisigino.

Kisha Bosi, kwa sauti ile ile anayotumia kuagiza vifungo:

“Mifuko hiyo niliishona mimi.”

Twiga kanishika mkono. Kanishika kidole kile kile chenye kovu, nimevumilia.

Bosi kamwambia muuguzi mkuu ni arobaini tu, hizo nyingine hazina neno, na arobaini hizo, zikiletwa zote leo, zitakuwa tayari Jumatatu asubuhi, atakaa mwenyewe kwenye mashine leo na kesho. Mgeni akauliza amejuaje ni arobaini, wakati hakuna namba. Bosi akaeleza. Ameeleza vizuri kunishinda! Siagi kataja, Fuvu kataja, bila kutetereka, kama anasoma orodha ya vitambaa. Kuna mtu mle ndani kacheka, na sidhani ni Bosi.

Sasa wanaongea chini chini. Hospitali ina jengo lingine, nimesikia hilo. Nimesikia “mia tisa”. Nimesikia “kabla ya mwisho wa mwezi ujao”. Makasi kakaa chini.

Simu zote nne zimetetemeka pamoja.

Ni Bosi. Kutoka mle mle ndani, chini ya meza, mbele ya mgeni! Katuma konokono. Hakutuma uso wowote kati ya zile sita, katuma konokono tu na nyumba yake mgongoni. Na chini yake kaandika: “Hii mnaiitaje?”

Tumetazamana. Hatuna konokono. Hatujawahi kuwa naye. Nimemwangalia huyo mdudu na mzigo wake, nikafikiria miaka ishirini ya daftari jeusi, na bado nilikuwa nacheka. Babu Pasi kanong'ona kwamba jina hulitoa mwenye shida, wengine wanaitikia tu. Twiga kanisukuma: andika wewe.

Nimeandika: “Wewe ndiye wa kumpa jina, Shangazi.”

Shangazi! Nimeandika Shangazi! Kazini! Imeshakwenda. Ameshaisoma.

Muuguzi mkuu anasukuma kiti. Anauliza, nasikia kila neno: na yule binti wa mashine, yule mwenye nyuso, bado unaye?

Hajajibiwa. Kwenye simu yangu inaonyesha Shangazi anaandika. Ameacha. Anaandika tena.